Ukurasa wa Arobaini na Mbili

Mkunga alikuwa na tabia ya kuutazama ukurasa mzima kwa jicho moja kabla ya kuusoma kwa sauti, kama alivyokuwa akimtazama mama mjamzito tangu miguu hadi uso anapoingia wodini, kabla hajamuuliza swali lolote. Asubuhi ile ya Jumanne tabia hiyo ilimwokoa, au ilimponza, mwenyewe hajaamua.

Walikuwa mezani, mahali pao pa kila siku, yeye upande wa dirisha kwa ajili ya mwanga, mumewe upande wa ukuta, kwa kuwa mwanga haukuwa na kazi naye tena. Presha ya macho ilikuwa imemla Profesa jicho la kulia, kisha la kushoto, polepole, kama mgeni anayeaga asiondoke. Tangu hapo mkewe, mkunga mstaafu aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa ule, alikuwa ndiye macho yake. Alimsomea kila kitu: hukumu, rufaa, barua za wafungwa zilizoandikwa kwa penseli butu. Sharti lilikuwa moja, asiruke. Muhuri usomwe, maneno ya pembeni yasomwe, neno lililokatwa lisomwe na isemwe kwamba limekatwa. Kwa njia hiyo Profesa, aliyefundisha sheria chuo kikuu miaka ishirini na sita, alikuwa amewatoa gerezani watu kumi na mmoja waliofungwa kwa makosa ambayo hawakuyafanya.

"Arobaini na moja umekwisha," akasema Profesa. "Twende."

Mkunga akafunua. Ukurasa wa arobaini na mbili ulikuwa maelezo ya shahidi, mistari ishirini hivi. Jicho lake likateremka hadi chini, likapanda pembeni, na huko pembeni likakwama. Palikuwa na maneno machache ya wino wa buluu, yamekandamizwa kwa nguvu, na chini yake saini fupi yenye mkia uliopinda kama ndoana.

Aliijua ndoana ile. Kabatini mwake mlikuwa na bunda la barua zenye ndoana hiyohiyo, alizoandikiwa na kijana mmoja wakili wa serikali aliyekuwa akimchumbia, kijana mwenye haraka, asiyejua kuandika bila kuitoboa karatasi.

"Vipi, mama watoto? Miwani imeshika ukungu?"

"Nameza mate." Akakohoa kikohozi kirefu cha uongo, akauchomoa ukurasa, akausukuma chini ya kitambaa cha plastiki kilichotandikwa mezani. "Arobaini na tatu," akaendelea.

Profesa akainua kichwa. "Umeruka."

"Sijaruka."

"Arobaini na mbili uko wapi?"

"Haupo."

Alitarajia angekasirika. Badala yake Profesa alitabasamu, akasugua viganja, na hapo ndipo hofu ilipomwingia Mkunga kwelikweli.

"Wameuchomoa," akasema. "Unasikia? Mtu hajisumbui kuchomoa ukurasa usio na kitu. Miezi minane tunatafuta tundu la kupumulia kwenye kesi hii, kumbe wamelificha!"

Kesi yenyewe ilikuwa ya Fundi Saa. Wote walimwita hivyo, hata askari magereza, kwa kuwa alikuwa akitengeneza saa kwenye meza ndogo karibu na stendi. Juma moja baada ya yeye kugombana na mwenye duka la dawa la mtaa wa mbali, mwenye duka huyo alikutwa amechomwa kisu, saa kumi na mbili jioni. Shahidi mmoja alisema alimwona mtu akikimbia, akamtambua kwa mgongo. Kwa mgongo huo Fundi Saa alipewa kifungo cha maisha, na sasa alikuwa ametimiza miaka thelathini na sita ndani. Maombi ya kuifungua upya kesi yake yangesikilizwa Jumatatu. Profesa hakuwa na shahidi mpya wala karatasi mpya. Alikuwa na mdomo tu. Juzi alikuwa amesema, "Bila kitu kipya, Jaji atatusikiliza kwa adabu, kisha ataenda kunywa chai."

Kitu kipya kilikuwa chini ya plastiki, nusu shibiri kutoka kidoleni mwake.

Mchana alikuja Pingamizi. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne, msichana mwembamba mwenye sauti nene, na jina hilo alibandikwa na wenzake kwa kuwa hakuna hoja aliyoiacha ipite salama, hata hoja ya kwamba leo kuna joto.

"Shikamoo Mama. Shikamoo Prof."

"Marahaba. Kaa, toa kalamu. Tunamwandikia Msajili wa Mahakama. Jalada lina ukurasa pungufu."

"Kabla hatujaandika, Prof, pingamizi. Huenda Mama ameruka kwa bahati mbaya."

Mkunga alikuwa amesimama na birika mkononi.

"Mwanamke huyu," akasema Profesa, "aliwahi kupokea mapacha umeme umekatika, na hakukosea nani katangulia. Haruki."

"Basi naliondoa pingamizi langu. Samahani, Mama."

"Usijali, mwanangu," akasema Mkunga, akamimina chai pembeni ya kikombe.

Jalada lile, lililounganishwa na karatasi za zamani za waendesha mashtaka, halikupaswa kuwa pale nyumbani. Kisheria jalada halisi halitoki masjala, husomwa hukohuko, kwenye benchi. Lakini karani wa masjala, mtu wa makamo mwenye upara na suruali iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa, alipomwona Profesa akipapasa kuta za ofisi yake, alishindwa kuvumilia. "Nendeni nalo nyumbani," alisema. "Mama akusomee kwa utulivu. Nirudishieni Alhamisi." Akaandika kwenye daftari la kutolea majalada, akatia saini yake mwenyewe.

"Andika," Profesa akaamuru. "Jalada lilitufikia likiwa na upungufu. Tunaomba aliyekuwa akilitunza aulizwe."

"Lakini yule Karani ametutendea wema," Mkunga akaingilia.

"Sijamtuhumu. Aulizwe tu. Kuulizwa hakumdhuru asiye na kosa."

Kalamu ya Pingamizi ikasimama. "Hilo si ndilo neno la polisi, Prof? Wewe mwenyewe ulitupa mtihani juu yake."

Profesa akacheka, akapiga meza kwa kiganja, pale pale juu ya ukurasa. "Andika, mtoto wewe. Jumatatu iko mlangoni."

Barua ikaandikwa. Mkunga akaifunga kwenye bahasha yeye mwenyewe, kwa ulimi mkavu, akaona bahasha haishiki.

Jumatano asubuhi Pingamizi alimshika Profesa mkono akampeleka darasani. Mlango ulipofungwa, Mkunga alisubiri mpaka akasikia geti, kisha akautoa ukurasa, akausoma jikoni akiwa amesimama.

*Mimi nauza mikate karibu na stendi. Siku hiyo tangu saa kumi jioni hadi saa mbili usiku nilikaa na fundi saa mezani kwake, akinitengenezea saa ya ukutani. Hakuondoka hata kwenda kujisaidia. Nilimtania kwamba kibofu chake ni cha chuma. Niko tayari kuja mahakamani siku yoyote nitakayoitwa.*

Na pembeni, kwa wino wa buluu: *Rafiki wa mshtakiwa. Atatuharibia. Asiitwe.* Halafu ndoana.

Alisoma mara nne, kana kwamba mara ya nne ndoana ingenyooka. Haikunyooka. Akaurudisha ukurasa chini ya plastiki. Akawaza kituo cha msaada wa sheria pale chuoni, chumba kimoja chenye feni inayolia, na watu wanane wengine ambao majalada yao yalikuwa yamepangwa sakafuni yakisubiri zamu. Akawaza magazeti. Akawaza mume wake akisimama mbele ya Jaji, haoni uso wa mtu, na wakili wa upande wa pili akimuuliza kwa upole, Profesa, saini hii ni ya nani? Alikuwa na miaka sitini na saba. Kazi ile ndiyo iliyokuwa imemsimamisha wima macho yalipokwisha. Ukiiondoa, anabaki nini? Mzee aliyekaa upande wa ukuta.

Kisha likaja wazo baya kuliko yote: je, kama anajua? Kama amelijua jalada hili tangu siku ya kwanza, na kila siku anakaa pale mezani akisubiri kuona mkewe atafanya nini?

Profesa aliporudi, Mkunga alimwekea maji ya kunawa, akamuuliza kwa sauti ya kupitisha muda, "Hivi, ulipokuwa wakili wa serikali, uliwahi kushika kesi za mauaji?"

"Kushika, hapana. Nilikuwa mdogo. Nilikaa kile chumba cha nyuma nikipitia majalada kabla hayajaenda kwa wakubwa. Nani aitwe, nani asiitwe. Ishirini kwa siku, wakati mwingine thelathini. Halafu nikapata nafasi ya masomo, nikaondoka."

"Huwakumbuki?"

"Nani?"

"Hao watu."

Profesa akatikisa mikono, maji yakaruka. "Sikuwaona watu, mama. Niliona karatasi. Mbona leo?"

"Basi tu."

Hakujua. Mkunga angepaswa kupumua, lakini alijikuta anaogopa zaidi. Mtu anayejua hujitayarisha. Huyu alikuwa amekaa kwa raha zake, akiisubiri Jumatatu kama mtoto anayengoja sikukuu.

Saa kumi Pingamizi alirudi mbio, hata shikamoo akaisahau.

"Wamemsimamisha kazi Karani. Msajili amesoma barua, akaenda masjala mwenyewe. Daftari linaonyesha saini moja tu, ya kwake. Wanasema ni yeye. Wanasema huenda alilipwa auchomoe, na kesho kutwa wanamkabidhi polisi."

"Ameungama?" akauliza Profesa.

"Anaapa. Analia na kuapa."

"Wote huapa," Profesa akasema, akainua pua kidogo, kama mtu aliyesikia harufu ya kitu kinachoungua na hajui kiko wapi. Kisha akasema, "Akimtaja aliyemtuma, tumeshinda."

Mkunga aliingia chooni, akafungua bomba, akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, maji yakimwagika bure.

Karani alikuja mwenyewe Alhamisi, asubuhi, kabla jua halijapanda. Hakuwa amevaa suruali iliyopigwa pasi. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri kuambiwa aondoke.

"Sikuja kugombana, Profesa. Mimi nimeingia masjala nikiwa na nywele." Alijaribu kucheka. "Jana wamenidai funguo mbele ya wafagizi. Wakaniambia nifungue mkoba. Ndani mlikuwa na chakula changu na soksi za kubadili. Soksi, Mama! Msajili Msaidizi akazinyanyua kwa ncha ya kalamu, moja moja, akazikung'uta. Vijana wote wa ofisi wanatazama."

"Pole sana," akasema Mkunga. Akamwekea kikombe cha chai mezani, na mkono wake ukakiweka mahali palepale ambapo usingekiweka kama ungekuwa na akili.

"Naomba kitu kimoja tu. Tutafute. Labda uliteleza nyuma ya kabati. Karatasi ni karatasi."

Wakapiga magoti, Karani na Mkunga, mashavu sakafuni, wakiangalia chini ya kabati, chini ya kochi, chini ya zulia. Karani alitoa kalamu ya zamani, kifungo, na pini ya nywele. Kila alipotoa kitu alikipangusa kwa kiganja na kumkabidhi Mkunga kwa mikono miwili. Mkunga alipokea.

"Hakuna," Karani akasema hatimaye, akirudi kitini.

"Nikuulize mawili matatu?" akasema Profesa.

Mkunga aliijua sauti ile. Ilikuwa laini kama pamba. Alikuwa ameisikia mahakamani, ikiwavua mashahidi waongo nguo moja baada ya nyingine bila hata kuwagusa.

"Uliza, Profesa."

"Jalada lilikaa wapi kabla ya kutufikia?"

"Kabati la nne, rafu ya chini."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Ulizihesabu kurasa siku uliyotukabidhi jalada?"

"Nilizihesabu. Themanini na sita."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Siku hiyo mezani kwako palikuwa na majalada mangapi?"

"Mengi. Thelathini, labda na zaidi."

"Mtu mwenye majalada thelathini, anayehesabu mara moja tu, anaweza kukosea?"

"Anaweza."

"Kwa hiyo hujui kama zilikuwa themanini na sita."

Karani alitazama mikono yake kana kwamba ndiyo iliyomsaliti. "Sijui, Profesa. Jana nilijua. Sasa sijui."

"Dirisha la masjala huwa wazi?"

"Huwa wazi. Kuna joto." Akaanza kutikisa kichwa, polepole, kama anayekubaliana na mtu asiyeonekana. "Labda uliniangukia. Siku ile kulikuwa na upepo. Labda kweli ni mimi. Profesa, wewe unaijua lugha yao. Niandikie karatasi, nitie saini, niseme ilikuwa uzembe, si wizi. Kwa uzembe nitamwaga unga tu. Kwa wizi nitaenda ndani, na mimi ndani sitapaweza."

Miaka ishirini na sita Profesa alikuwa amewafundisha vijana kwamba mtu asiye na kosa, akishabanwa na kuogopa vya kutosha, atakupa maungamo yoyote unayoyataka, na atayaamini. Mkunga aliwahi kumsomea mhadhara huo kwa sauti mara tatu ili auhariri. Alimtazama mumewe, akisubiri akumbuke.

"Pengine ni busara," akasema Profesa.

Mkunga akainuka. "Inua kikombe," akamwambia Karani.

"Nini, Mama?"

"Inua kikombe chako."

Karani akakiinua. Mkunga akakikunja kitambaa cha plastiki kuanzia pembeni. Kilikuwa kimeshikana na mbao, kikaachia kwa mlio wa kuchanika. Profesa akageuza sikio.

"Kuna nini?"

"Ukurasa wa arobaini na mbili," akasema Mkunga. "Uko hapa tangu Jumanne. Niliuficha mimi."

Karani alibaki na kikombe hewani. Hakukasirika, hakuwa amefika huko bado. Profesa alikuwa ametulia kiasi kwamba Mkunga alimtazama kifua kuona kama kinapanda.

"Soma," akasema.

Akasoma. Alisoma mikate, stendi, saa kumi hadi saa mbili, kibofu cha chuma. Alipofika *niko tayari kuja mahakamani*, Profesa alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na uso wake ukawa wa mtu anayeona mlango ukifunguka.

"Huyo ndiye! Huyo ndiye mtu wetu! Kwa nini uufiche, mama, kwa nini..."

"Kuna maneno pembeni."

"Yasome."

"Rafiki wa mshtakiwa. Atatuharibia. Asiitwe." Akaiweka karatasi mezani. "Halafu kuna saini."

"Ya nani?"

Mkunga aliuchukua mkono wa mumewe, akaliweka dole gumba lake juu ya karatasi. Wino ulikuwa umekandamizwa sana, hata miaka thelathini na sita haikuwa imeufuta mkwaruzo. Dole gumba likafuata maneno, likateremka, likapinda pale mkia ulipopinda, likasimama.

Karani akakiweka kikombe chini, taratibu sana.

"Ulijua tangu Jumanne," akasema Profesa.

"Tangu Jumanne."

"Ukaniacha niandike barua."

"Ndiyo."

"Ukaniacha nimhoji huyu."

"Ndiyo."

"Uliniogopa?"

"Nilikuogopea."

Karani alikohoa. Alikuwa amesimama sasa, mkoba kifuani, na rangi ilikuwa imeanza kumrudia. "Profesa. Mama. Mimi sijasikia kitu. Ukurasa umepatikana, basi, uliteleza, yamekwisha. Na kama..." Akapunguza sauti, sauti ya mtu anayelipa wema kwa kitu pekee alichonacho. "Mashine yetu ya kutoa kopi ni mbovu. Hukata pembeni. Kila mtu anajua hukata pembeni. Jaji atapewa kopi. Maneno ya shahidi yatasomeka yote."

Nje mtu alipita akiburuta ndoo. Mkunga hakuthubutu kumtazama mumewe, kwa sababu alijua yeye mwenyewe angejibu nini, na aliogopa kulisikia jibu hilo likitoka kinywani mwake. Profesa alikaa kimya muda mrefu. Muda ule ulikuwa mrefu kuliko unavyomfaa mtu mwema, na wote watatu walijua.

"Hapana," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Kaa, bwana Karani. Maliza chai. Mama, chukua kalamu."

Barua zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikwenda kwa Msajili: kwamba jalada lilitoka masjala likiwa kamili, na kwamba ukurasa ulifichwa nyumbani kwa Profesa.

"Andika na aliyeuficha," akasema Mkunga.

"Nyumbani kwangu panatosha."

"Hapatoshi. Naandika jina langu."

Ya pili ilikwenda kituo cha msaada wa sheria: kwamba yeye sasa ni shahidi, hawezi tena kusimama kama wakili, na Jumatatu mwenzake achukue nafasi yake, kopi itolewe kamili, pembeni na yote. Profesa alipotia saini, ndoana haikupinda vizuri. Ilionekana kama ya mtu mwingine.

Gerezani Ijumaa askari wa mapokezi aliwachangamkia. "Karibu Profesa! Leo umekuja na shemeji. Nawaandika mimi mwenyewe, msihangaike. Uhusiano na mfungwa, wakili, kama kawaida."

"Si wakili tena," akasema Profesa. "Shahidi."

"Daftari halina hicho. Lina ndugu, wakili, kiongozi wa dini."

"Basi acha wazi."

Askari akacheka, akaona hakuna mwenzake wa kucheka naye, akaacha wazi.

Chumba cha wageni kilikuwa na meza ya chuma iliyofungwa sakafuni na madirisha yaliyo juu mno. Fundi Saa aliingia akitabasamu kabla hata hajawafikia. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko Mkunga alivyomsikia kwenye karatasi, mwenye vidole vyembamba visivyotulia.

"Shikamoo Profesa. Shikamoo Mama, leo nimekuona uso! Nimepata mashati mawili ya kuazima kwa ajili ya Jumatatu. Moja jeupe, limechanika kwapani. Moja la mistari, zima. Majaji wanapenda lipi?"

"Jeupe," Profesa akasema. Mkunga alimwona akitafuta mahali pa kuweka mikono. Watu kumi na mmoja alikuwa amewaletea habari njema kwenye meza kama hii. Sasa alikuwa kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Ndugu yangu," akasema, "umepatikana ukurasa uliofichwa. Unaweza kukutoa. Lakini aliyeuzuia usifike mahakamani miaka ile, aliyeandika kwamba shahidi wako asiitwe, ni mimi. Sikukumbuka. Si kwamba nilikusahau. Sikuwa nimekuona hata kidogo. Jumatatu utasimamiwa na wakili mwingine, na mimi nitapanda kizimbani niseme hivi nilivyosema. Mama atakusomea."

Tabasamu la Fundi Saa lilibaki usoni peke yake, lenyewe likiwa halijapata habari. Mkunga akasoma kopi, polepole, yote, na maneno ya pembeni. Alipomaliza alimwogopa mtu yule. Alihesabu hatua za kutoka alipo hadi alipo askari.

Fundi Saa hakumtazama Profesa. "Mama," akasema, "hebu rudia pale aliposema yuko tayari."

"Niko tayari kuja mahakamani siku yoyote nitakayoitwa."

"Muuza mikate alisema hivyo?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Na amesaini."

Vidole vyake vikatulia juu ya chuma. "Alikuja kunitembelea mwaka wa kwanza. Mara tatu. Nikakataa kutoka. Nilimtumia salamu kwamba mtu aliyekaa na mimi saa nne nzima, halafu akashindwa kuja kusema maneno mawili, asinione hata maiti. Akaacha kuja. Mwaka wa nane nikasikia amekufa, nikasema afadhali." Akaigusa kopi kwa ncha ya kidole. "Kumbe alisema. Kumbe alishasema."

Akainamisha kichwa mpaka paji likagusa meza. Askari akasogea, Mkunga akamwashiria asubiri. Profesa alikuwa amekaa wima, uso umegeukia inakotoka sauti, akingoja lake.

"Soma tena, Mama. Pale pa kibofu."

Akasoma tena. Fundi Saa akacheka, kicheko kifupi kilichovunjika katikati, na akaendelea kuomba arudie hadi kengele ya kumaliza muda ilipolia. Akasimama. Profesa naye akasimama haraka, akajigonga goti.

"Kopi hiyo isipotee," Fundi Saa akamwambia Mkunga. Akageuka, akaondoka na askari, na mlango wa chuma ukafungwa nyuma yake.

Walipofika nje Profesa hakutaka kutembea. Alisimama kwenye jua, mkono umemshika mkewe kiwiko, umekuwa wa baridi kama wa mtu aliyetoka majini.

"Alinitazama?"

"Hapana."

"Hakuniambia kitu. Hata neno."

"Bado," akasema Mkunga.